Funguo za Jirani Mwezi wa Desemba

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyejulikana kwa jina la Al-Amin, yaani Mwaminifu, kabla hata ya kupewa utume.

Kila uingiapo mwezi wa Desemba, jiji letu la Dar es Salaam hupungua watu. Asiyelijua huenda akadhani kinyume chake. Wengi husikia habari za miji ya pwani yenye joto inayofurika wageni wakati wa Krismasi, na ni kweli kwamba Mombasa hupokea watu wa bara kwa maelfu katika siku hizo. Hapa kwetu ufukwe nao hujaa, na mihogo ya kukaanga ya Coco Beach hupata walaji kutoka kila pembe. Lakini mkondo mkubwa wa watu hutoka. Ndugu zetu wenye asili ya Kilimanjaro, na wengineo wa mikoa ya bara, hufunga nyumba na maduka yao wakaenda kusherehekea kwa wazee wao. Kituo cha mabasi cha Magufuli kule Mbezi, kilichochukua nafasi ya Ubungo mwaka 2021, hulala macho. Treni ya Moshi, iliyorejea mwezi Desemba mwaka 2019 baada ya kusimama kwa miaka mingi, nayo hupata abiria wake. Ni safari ya zaidi ya kilomita 500, na watu huifanya wakiwa na magunia ya mchele, madumu ya mafuta na watoto waliovikwa nguo mpya.

Sisi tunaobaki huachiwa joto. Upepo wa kaskazi huwa ndiyo kwanza unaanza, vuli inamalizikia, na jasho halikauki mwilini hata baada ya Isha. Maembe huwa mengi sokoni. Miti ile ambayo wenyeji huiita mikrismasi, kwa kuwa huchanua maua mekundu katika msimu huo, huifanya mitaa ionekane imepambwa ilhali hakuna aliyeipamba. Shule zimefungwa, na madrasa yetu hupata wanafunzi wa likizo waliokuja kukaa kwa shangazi na babu zao. Msikitini safu za Alfajiri huongezeka, kwa sababu walio kazini huwa na mapumziko.

Zaidi ya joto na maembe, huachiwa pia funguo. Jambo hili ndilo tunalotaka kulizungumza na familia za Waislamu katika ukurasa huu, kwa sababu tumeona linachukuliwa kuwa dogo, na kumbe lina uzito mkubwa mbele ya Allah.

Katika mtaa wetu, upande wa Kinondoni, Waislamu na Wakristo wamejengeana ukuta kwa ukuta. Ifikapo katikati ya Desemba, jirani anayesafiri hugonga mlango jioni, husalimia, hukaa kidogo, kisha hutoa ufunguo mfukoni. Huomba kuku wake wapewe pumba, maua yamwagiwe maji, na taa ya nje iwashwe usiku ili wezi wasijue kwamba nyumba haina mtu. Anayepokea ufunguo husema, "Safari njema, tusalimie huko," na mambo huishia hapo. Hakuna maandishi wala shahidi. Sisi wa kamati ya msikiti, kwa kuwa tupo pale kila siku kuanzia Alfajiri, hupewa funguo nyingi kuliko wengine.

Wapo vijana wetu ambao huliuliza jambo hili kwa nia njema. Husema: huyu amekwenda kusherehekea sikukuu ya dini yake, je, kumlindia nyumba si kumsaidia katika sikukuu hiyo? Swali hili linastahiki kujibiwa kwa upole. Ibada ya mwenzetu ni yake, nasi hatushiriki ndani yake. Lakini haki ya jirani haisimami kwa kuwa kalenda imefika tarehe 25. Surat An-Nisaa, katika aya ya 36, inataja wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali, na wafasiri wengi wameeleza kuwa asiye Muislamu naye amo. Abdullah bin Amr (R.A.), mmoja wa masahaba wakubwa, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa sehemu yake, akakumbusha jinsi Jibril alivyomuusia Mtume (S.A.W.) kuhusu jirani mpaka akadhani kwamba atafanywa mrithi.

Ama amana, mfano wake mkubwa umo katika Hijra yenyewe. Makuraishi waliokuwa wakipanga kumuua Mtume (S.A.W.) ndio hao hao waliokuwa wameweka mali zao kwake. Usiku alipohama alimwacha Ali bin Abi Talib (R.A.) Makka azirudishe amana zile kwa wenyewe, ndipo naye afuate. Ikiwa mali ya adui ilirudishwa katika saa kama ile, sembuse ufunguo wa jirani aliyetuletea ndizi wakati wa Idi?

Miaka michache iliyopita mafunzo haya yalitoka kitabuni yakaja kusimama mlangoni kwetu.

Alikuwapo mzee mmoja, mwenyeji wa Rombo, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka msikitini kwa miaka mingi. Watoto wetu walimwita Babu, na mkewe walimwita Bibi. Wakati wa Ramadhani hakuwa akila hadharani mbele ya kibaraza cha msikiti, ingawa hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Desemba ile alitukabidhi ufunguo siku chache kabla ya sikukuu, akaenda kwao pamoja na mkewe. Siku ya tarehe 26, baada ya sala ya Adhuhuri, zilikuja habari kwamba amefariki dunia ghafla huko huko mlimani. Alizikwa katika kihamba cha baba zake. Sisi tuliobaki mjini tulikusanya rambirambi ya mtaa tukaituma.

Ilipoingia Januari, usiku mmoja baada ya Isha, mwanawe mkubwa alifika na gari la kubebea mizigo na vijana wawili. Alikuwa na macho mekundu ya msiba na safari. Alisalimia vizuri, kisha akasema, "Ustadhi, nimefuata ufunguo wa nyumba ya mzee. Kuna vitu nataka kuvitoa, na hati ya kiwanja naihitaji."

Tulimpa pole, tukamkaribisha aketi, tukamletea maji. Kisha tukamuuliza kama mama yake na ndugu zake wanayo habari. Alijibu kwamba yeye ndiye mtoto wa kwanza na hana haja ya kuomba ruhusa ya mtu. Tukapiga simu ya Bibi, haikupatikana. Tukampigia binti yao, naye hakupatikana. Huko mlimani mtandao husumbua, na simu za wafiwa mara nyingi huwa zimeishiwa chaji.

Tulimweleza kwamba hatuwezi kuutoa ufunguo usiku ule. Alisimama. "Yaani wewe Muislamu," alisema, "ndiye wa kunizuia kuingia nyumba ya baba yangu mzazi?" Alisema kwa sauti kubwa, na watu wakaanza kutoka majumbani. Vijana aliokuja nao walitaja kuvunja mlango.

Tunakiri kwamba neno lile lilituchoma, na lilituchoma kwa sababu tuliona litakavyosafiri. Kesho yake ingesemwa sokoni kwamba msikiti umezuia nyumba ya marehemu Mkristo. Baadhi ya wenzetu katika kamati walituvuta pembeni, wakasema: mpeni, haya ni mambo yao wenyewe, tukiingia katikati tutaambiwa tunaitaka nyumba. Hoja yao haikuwa ya woga mtupu. Amani ya mtaa nayo ni amana, na wapo watu wanaosubiri sababu ndogo tu ili waivunje.

Hata hivyo, tuliyosoma chuoni katika mlango wa wadia yalikuwa wazi. Mwenye kupokea amana ni mwaminifu wa mwenye mali. Hadhamini hasara isipokuwa amezembea au amevuka mpaka. Anapofariki mwenye mali, makubaliano ya kuhifadhi hukoma, na mali huwa ya warithi wote kwa pamoja. Mwenye kuishika hana ruhusa ya kumkabidhi mmoja wao peke yake bila ya idhini ya wenzake, na akifanya hivyo hubeba dhamana ya kitakachopotea. Nyumba ile ilikuwa na mjane na watoto wanne. Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo, kwa kuwa mali ya marehemu husimamiwa na msimamizi wa mirathi anayethibitishwa na mahakama, na kwa kawaida familia hukaa kikao kwanza ikampendekeza mtu.

Mwenyekiti wa kamati yetu, mzee asiyependa maneno mengi, ndiye aliyetoa njia. Alisema ufunguo usitoke, lakini pia usikae kwetu peke yetu. Tukamwita mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Tukamwita pia mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki aliyokuwa akisali marehemu, ambaye ni fundi cherehani na makazi yake hayako mbali. Wote wawili walikuja usiku ule ule, mmoja akiwa na kandambili na mwingine akiwa bado na futi ya kupimia shingoni.

Mbele ya watu wote tuliuweka ufunguo ndani ya bahasha, tukaifunga kwa gundi, na sisi watatu tukatia saini juu ya mdomo wa bahasha. Tuliandika karatasi ya maelezo: ufunguo ulipokelewa lini na kutoka kwa nani, na kwamba utafunguliwa mbele ya mjane na watoto, au mbele ya mtu watakayemteua. Tulimwomba yule ndugu yetu atie saini ya nne. Alikataa. Tukamwomba basi bahasha ikae kwa mwenyekiti wa jumuiya yake, ili asibaki na dhana kwamba msikiti una nia mbaya. Hilo halikumridhisha, ila liliwaridhisha watu waliokuwa wakisikiliza, na vijana waliokuja naye walirudi garini. Kwa usiku kadhaa vijana wa msikiti na wa jumuiya walipokezana kukaa barazani mwa nyumba ile, wakinywa kahawa chungu pamoja.

Asubuhi ya pili simu ya Bibi ilipatikana. Tulimweleza yote bila kumlaumu mwanawe. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Wanangu, ngojeni nije."

Alikuja baada ya matanga kwisha, pamoja na binti yake na shemeji yake. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akashindwa kuendelea. Wanawake wa msikiti walimshika mikono wakaingia naye. Bahasha ilifunguliwa mbele ya wote, mwanawe mkubwa naye akiwapo, na kila kitu chenye thamani kikaorodheshwa katika daftari.

Ndani ya kabati la chumbani kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, na juu yake daftari dogo lililofungwa kwa mpira. Kumbe zilikuwa fedha za chama cha kufa na kuzikana cha mtaa. Tulijua kwamba Babu ndiye mweka hazina. Hatukujua kwamba michango ya mwisho wa mwaka alikuwa hajawahi kuipeleka benki. Zilikuwamo Sh. 470,000, na zilikubaliana na daftari mpaka shilingi ya mwisho. Kwa mwandiko wake wa polepole yalikuwamo majina ya wanachama wote, wakiwamo wajane wawili wa Kiislamu wanaouza vitumbua, na mbele ya kila jina tarehe na kiasi.

Kumbe na yeye alikuwa ameshika amana yetu, na sisi tumeshika yake, na hakuna kati yetu aliyejua ukubwa wa alichokishika. Lau mlango ule ungefunguliwa usiku wa gari, hakuna aliyeweza kuapa kwamba kopo lile lingebaki. Na kama lingepotea, jina ambalo lingechafuka ni la marehemu, asiyeweza tena kujitetea.

Haitakuwa insafu kumwacha yule mwanawe katika sura ya mwizi. Tulikuja kufahamu baadaye kwamba ndiye aliyekopa fedha za jeneza na za usafiri wa wafiwa kutoka Dar es Salaam, na wadai walikuwa wakimpigia simu hata kabla udongo wa kaburi haujakauka. Kikao cha familia kiliamua deni lile lilipwe kwanza kutoka katika mali ya marehemu, na msimamizi akachaguliwa binti. Utaratibu huo hauna ugeni kwa Muislamu, kwa kuwa kwetu pia gharama za maziko na madeni hutangulia mgao. Salamu yake kwetu mpaka leo ni fupi. Tunaipokea kama ilivyo, na tunamwombea.

Tangu mwaka ule kamati yetu imeweka utaratibu, nasi tunaupendekeza kwa kila familia inayoachiwa ufunguo katika msimu huu. Kwanza, mtu ajipime kabla ya kukubali. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba asiyeweza kuihifadhi amana ni haramu kwake kuipokea, na anayeweza lakini haiamini nafsi yake ni makuruhu kwake, na anayejiamini ndiye aliyependekezewa kupokea. Wenye vijana wasiodhibitika nyumbani waseme mapema kwamba hawawezi. Kusema hivyo si aibu.

Pili, iandikwe. Ikiwa Qur'an katika Surat Al-Baqara, aya ya 282, imetufundisha kuandika deni na kuweka mashahidi, basi nyumba nzima ya mtu haipungui deni la mwezi mmoja. Daftari la shule linatosha: tarehe, jina, idadi ya funguo, na saini mbili. Tatu, msafiri aulizwe kwa heshima ni nani wa kukabidhiwa endapo yeye mwenyewe hatarudi. Wengi hucheka wanapoulizwa, kisha hunyamaza, kisha hutaja jina. Nne, amana isitumiwe. Televisheni ya jirani si ya kuangalizia mpira, na friji yake si ya kugandishia barafu za biashara, ila kwa idhini yake.

Tano, watoto wetu washirikishwe. Mtoto anayetumwa kila jioni kuwapa pumba kuku wa jirani na kurudi na mayai yote bila kupunguza hata moja, hujifunza uaminifu kuliko kwa hotuba kumi. Na kwa kuwa tumewataja watoto, tuongeze nasiha moja ya likizo. Wanapoomba kwenda pwani, mzazi aangalie mwandamo wa mwezi. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji huwa ya bamvua. Hupwa mbali sana, yakawavuta watoto kwenda kuokota kombe, kisha hujaa kwa kasi na kuwazunguka. Kalenda yetu ya Hijria ukutani hutusaidia kuyajua hayo, pamoja na siku za kufunga. Wasiende bila mtu mzima anayejua kuogelea, na waondoke mapema waiwahi Magharibi, ambayo katika siku hizo huingia baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni.

Tukumbuke pia kwamba zamu hubadilika. Idi inapofika, ni sisi tunaofunga milango tukaenda Tanga, Kilwa, Rufiji na Unguja, na wanaoshika funguo zetu ni hao hao. Yule fundi cherehani hivi sasa ameandikwa katika daftari letu kuwa shahidi wa kudumu, nasi tumeandikwa katika la kwao.

Jiji hili lilianza kujengwa na Sayyid Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, likapewa jina la salama. Daarus-Salaam ni jina ambalo Qur'an imeiita Pepo. Mji haupati kustahiki jina kama hilo kwa bandari yake wala kwa upepo wake wa bahari. Tunamwomba Allah (S.W.) atufanye miongoni mwa wanaochunga amana na ahadi zao, awarudishe wasafiri wote majumbani kwao kwa salama, na awape subira wale ambao msafiri wao hakurudi. Amin.